Chupa Thelathini na Moja kwa Namba Yangu

Nikisema siku ile nilitamani kuingia ndani ya sufuria nijifunike, sisemi uongo, maana aibu niliyoipata hapa Issuna mbele ya waalikwa wote sikuwahi kuipata hata nilipokuwa nimekonda kwa kifua kikuu nashika ukuta kwenda chooni. Lakini naisimulia, na majina nayataja, wenyewe wapo na wakinuna wanune.

Kifua kikuu nilikimaliza. Miezi sita ya vidonge, sikuruka hata siku moja, nikaambiwa mama umepona nenda. Ila kupona hospitalini ni kitu kimoja na kupona machoni pa watu ni kingine: mimi ni mpishi wa shughuli, ndiyo kazi inayonilisha tangu nilipoishia darasa la nne, na mwaka mzima hakuna aliyetaka kula nilichopika. Wa kwanza kuniita tena alikuwa jirani yangu Yohana Mghenyi, harusi ya binti yake. Nikajua siku hiyo wakila nimerudi, wakikataa ndio basi tena.

Sasa kosa langu. Duka la dawa la Mwajuma (anauza na sabuni, na sukari) walileta utaratibu, ukinunua unataja namba ya simu, unapata pointi, zikijaa unapewa sufuria kubwa ya kupikia pilau. Nikawaambia majirani, ninyi sufuria ya nini, tajeni namba yangu. Wakaikariri kuliko jina langu. Na ulikuwa msimu wa kupiga alizeti, vumbi mpaka kooni, kila nyumba inakohoa, na kila chupa ya dawa ya kikohozi ikaandikwa kwangu. Mimi naiwaza sufuria tu.

Kumbe kuna mradi. Msimamizi wake, Bwana Ntandu, mtu mzima wa rika langu, ana kompyuta inayochimba kwenye kumbukumbu za maduka na za hospitali (Mwajuma alitoa za kwake bila kutuuliza, na jina lake mlishike), inazilinganisha, inatafuta mgonjwa gani wa zamani anaelekea kuugua tena. Walinipigia simu mara nne. Namba ngeni, nikajua matapeli, nikakata.

Basi wakaja wenyewe, mchana wa harusi, watu ndio wanatia tonge la kwanza la pilau mdomoni, gari likasimama, wakashuka wawili na barakoa, Ntandu ameshika kishikwambi, akaisoma namba yangu yote kwa sauti (nusu ya waalikwa midomo ilikuwa inamfuatisha).

"Namba hii ni ya nani?"

"Yangu," nikasema, mwiko mkononi.

"Mama, wewe uliwahi kuugua kifua kikuu, na mwezi huu umenunua dawa ya kikohozi chupa thelathini na moja. Mfumo unaonyesha kimerudi."

Nikasikia sahani zinawekwa chini. Shangazi wa bwana harusi alitema.

Nikasema, "Walionunua wamekaa hapa wanakula. Yohana, chupa sita, wewe na vibarua wako. Si kweli?"

"Mambo ya dukani usiniletee kwenye harusi ya mtoto, dada," Yohana akasema, na sahani yake akawamwagia kuku. Wengine wote wakaangalia viatu vyao. Bibi mmoja tu, mama yake Yohana mwenyewe, ndiye aliyesema, "Mbili zilikuwa zangu," na hakuna aliyemsikiliza.

Nikapanda gari na aproni yangu. Nikapimwa makohozi, sina kitu, safi kabisa. Nikamwambia Ntandu turudi ukatangaze palepale ulipotangaza. Unajua alinijibu nini? "Mama, majibu ya mgonjwa ni siri."

Ugonjwa wangu ulitangazwa harusini, uzima wangu ndio ukawa siri.

Sikulia. Nilichukua karatasi yangu ya majibu, Jumapili nikasimama nje ya duka la Mwajuma, nikamwambia asome kwa sauti, akasoma, akamaliza nikamwambia rudia. Kisha nikamwambia na sufuria yangu naitaka, pointi zimejaa. Akanipa.

Ndiyo kubwa kuliko zote kijijini. Mwezi uliopita Yohana akatuma mtu kuiazima, nikasema aje mwenyewe na atakula kwangu kwanza. Akaja, nikampakulia ugali na mlenda, nikakaa mbele yake nikamwangalia mpaka akamaliza, na watu barabarani wakamwona. Leo napika shughuli kama zamani. Namba yangu sitamtajia mwenye duka yeyote mpaka nazikwa.

Wakati anaibeba sufuria akaanza kukohoa, vumbi la alizeti. Nikamwambia, hicho kaandikishe kwa namba yako.