Nani Alishika Mwavuli

Mwavuli ule niliushika mimi. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimesema kwamba Jumamosi ile nilikuwa kitandani na homa, na nimesema hivyo mara nyingi kiasi kwamba nikiikumbuka siku hiyo natetemeka kwa baridi ya malaria ambayo sikuugua. Sisi tuliosoma hatudanganyi ovyo. Tunaweka na dalili.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya wasichana ya Masista huko Ijuganyondo, pembeni mwa mji wa Bukoba. Nyumbani kwetu Kagoma, upande wa Muleba, baba alikwisha kuwatangazia wenzake wote wa kwenye pombe ya rubisi kwamba binti yake amepata nafasi chuo kikuu, ng'ambo ya mpaka. Nafasi hiyo ilipitia mikononi mwa Masista, nao walikuwa na sheria chache zilizo wazi. Mwalimu wa kike hapakiwi kwenye baiskeli ya mwanamume. Kama mwanamume huyo ni Mwislamu, sheria haikuhitaji hata kuandikwa.

Mwanamume mwenyewe alikuwa fundi cherehani aliyetushonea sare za shule. Hatukuwa na lolote. Sisemi hivyo kujitetea. Ndiyo sehemu inayoniudhi. Ningepoteza kila kitu kwa dhambi ambayo hata sikuionja.

Nilikuwa natoka sokoni mchana, mvua ikaninyeshea njiani. Fundi akafunga breki kando yangu.

"Panda, mwalimu. Au unangoja gari la Askofu?"

"Watu watasema."

"Kwa mvua hii wataona nini? Fungua huo mwavuli utufunike wote wawili."

Nikakaa upande kwenye keria. Asubuhi nilikuwa nimezihangaikia nywele zangu saa nzima, na upepo wa ziwani ulikuwa unatupiga usoni, kwa hiyo nikauinamisha mwavuli mbele. Akasema, "Inua, mwalimu, sioni." Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Tukasikia muungurumo, akapiga kengele. Lori la kahawa lilikuwa linateremka katikati ya barabara kama vile wenye miguu na wenye baiskeli hawajazaliwa.

Nilijikuta mtaroni, ndani ya maji, kiwiko kimechunika. Yeye alikuwa barabarani. Nilimtazama mara moja tu, nikajua. Watu walipoanza kupiga kelele upande ule, mimi niliingia migombani upande huu, nikaenda hadi shuleni nikipitia mashamba ya watu. Mwavuli ulibaki.

Dereva aliwaambia polisi kwamba aliona mtu mmoja, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mwavuli. Nani angebisha? Nusu ya wanaume wa Bukoba waliendesha hivyo hivyo kila mvua iliponyesha.

Siku ya tatu ya matanga tulikwenda na walimu wenzangu, tukaketi mkekani pamoja na wanawake. Jirani mmoja alishindwa kujizuia.

"Mwanamume mzima, anaogopa maji!"

"Waitu, mwenzangu, usimseme marehemu," mwingine akamkanya.

"Simsemi yeye. Nasema mwavuli."

Mama wa marehemu, ambaye babu yake alitoka pwani na bado alisema Kiswahili kilichotuaibisha sisi walimu, aliinua kichwa. "Mwavuli gani? Wa nyumba hii ule pale, nyuma ya mlango."

Tukageuka sote. Ulikuwepo, una kiraka cha kitambaa cha sare zetu.

"Basi aliazima," yule jirani akasema, na wote wakaitikia kwa sababu walikuwa wamechoka kulia.

Kwa majuma kadhaa wapanda baiskeli walishuka wakifika pale mahali, Waislamu kwa Wakristo, wakazisukuma baiskeli zao kimya mpaka wapite. Hakuna aliyewaamuru. Kilichoamriwa ni kingine: Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alibandika tangazo sokoni kuwakataza watu kuendesha baiskeli na mwavuli, na shule zikatakiwa kuwafundisha watoto. Juu ya malori yateremkayo katikati ya barabara tangazo halikusema neno. Mama Mkuu alinikabidhi mimi somo hilo, eti kwa kuwa Kiswahili changu ni kizuri. Nikatunga wimbo:

Mikono miwili, macho mbele,
usife kama fundi wa kule.

Vina vilikaa sawasawa. Niliridhika navyo, Mungu anisamehe. Watoto wakauimba wakirudi nyumbani, na njia yao ilipita mlangoni kwa yule mama.

Siku moja aliwasimamisha. Waliniletea habari kesho yake, wamenywea. Aliwauliza nani kawafundisha, wakamwambia ni mwalimu. Hakuwafokea. Aliwaambia mwanawe hakuwahi kuachia usukani tangu alipojifunza baiskeli, kwamba wao wenyewe wamewahi kumwona, na kwamba mwavuli haushikwi na upepo. Kisha akaanza kwenda kituo cha polisi, kila asubuhi, kama mtu aendaye kazini.

Simu ya shule ilikuwa ofisini kwa Mama Mkuu. Ilipolia asubuhi ile yeye alikuwa kanisani, nami nilikuwa napanga madaftari mezani kwake. Nikaipokea.

"Shule ya Masista? Hapa polisi," ilikuwa sauti ya karani. "Mama wa yule fundi yuko mbele yangu tena. Anasema mwanawe alipakia mtu. Anasema mwavuli tuliouokota ni wa kike, na kwamba njia ile ni ya kwenu. Nauliza tu ili nimridhishe, maana hatatoka hapa. Kuna mwalimu wenu aliyekuwa barabarani siku ile?"

Nyuma yake nilimsikia mama mwenyewe. "Mwulize vizuri, baba. Mwambie simtakii ubaya mtu huyo. Aseme tu mikono ya mwanangu ilikuwa wapi."

"Umemsikia?" karani akaniuliza.

"Nimemsikia."

"Sasa nimjibu nini, mwalimu? Tukikosa mtu tunafunga jalada leo."

Nilibadilisha mkono ulioshika simu, kwa sababu kiwiko kilikuwa bado hakijapona.

"Hakuna," nikasema.

"Mama, umesikia? Hakuna," akamwambia. Akanishukuru kwa msaada wangu, akakata simu.