Filamu ya Kigujarati Aliyotusimulia Baba

Mbegu za haradali zikitiwa kwenye mafuta ya moto hulia kwanza, halafu ndipo hunukia. Wakati ule wa kufungiwa ndani kwa sababu ya korona, pale Seven Hills, Australia, harufu hiyo ilitushukia kila adhuhuri kutoka ghorofa ya juu kwa Anti Hansa, mjane wa Kigujarati aliyeishi peke yake, na kwangu mpaka leo ni harufu ya kumngoja mama. Mama alikuwa amekwenda Tanga kumuuguza bibi, safari ya majuma machache tu, mipaka ya Australia ikafungwa nyuma yake. Viza yetu ilikuwa ya muda, kwa hiyo hakuruhusiwa kurudi. Aliomba, akakataliwa, akaomba tena. Nilikuwa darasa la sita alipoondoka. Mdogo wangu Idi alikuwa hajaanza shule. Mwaka ukapita, ukaingia mwingine, nasi tukamzoea mama akiwa uso ulioganda kwenye simu, mdomo wazi, maneno yakifika baadaye.

Nadhani Anti Hansa alimsikia Idi akilia, maana siku moja tulikuta mlangoni bakuli la dengu na diski ya filamu. Ilikuwa ya Kigujarati, haina tafsiri, na nyumbani hakuna aliyejua neno hata moja. Lakini baba, kabla hajawa fundi wa mashine, aliwahi kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwenye banda la video huko Tanga. Kiwandani walikuwa wamempunguzia zamu. Akashusha sauti ya televisheni, akakohoa, akaanza. Mama mkwe wa kwenye filamu baba alimpa sauti ya kukwaruza, bwana harusi sauti legevu mpaka tukacheka. Bibi harusi alimpa sauti ya mama, na namna yake ya kuvuta mwisho wa jina la mtu anapomwita. Katikati ya filamu mke yule anabeba sanduku na kupanda treni. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kuona kwamba amegombana na wakwe zake, lakini baba alisema anakwenda kumuuguza mama yake, atarudi. Na mwishoni alirudi kweli, nyumba nzima ikacheza. Idi akaitaka kila alasiri. Helikopta za polisi waliosimamia amri ya kutotoka nje zilipozunguka juu ya paa letu, baba alipaza sauti tu na kuendelea.

Kisha mama mdogo akapiga simu alfajiri. Mama alikuwa amebanwa na kifua, na hakupona. Alizikwa siku hiyo hiyo, tukayaona mazishi kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Idi alikuwa amelala, na baba akaniambia tusimwambie mpaka yeye mwenyewe apate maneno. Siku zikapita hakuyapata. Anti Hansa, kwa kuwa kuingia ndani kulikatazwa, alikaa kwenye ngazi nje ya mlango wetu akiwa na barakoa, akalia pale pale. Alasiri moja Idi akaiweka filamu mwenyewe. Baba alisimulia kama kawaida mpaka kwenye sanduku, akanyamaza.

"Sema, baba," Idi akamwambia.

"Hatarudi," baba akasema. "Mama hatarudi, mwanangu. Amefariki."

Idi hakulia. Hakuna aliyeizima filamu. Treni ikaja, mwanamke akashuka, wakwe wakampokea kwa mikono miwili. Idi akanyoosha kidole kwenye kioo, akasema, "Lakini huyo hapo." Baba akaenda jikoni akafungulia maji ya bomba, yakamwagika muda mrefu. Mimi nilibaki na Idi hadi ngoma ilipokwisha.

Siku hizi mipaka iko wazi, na tikiti unaikata huku unakunywa chai. Mwaka jana tulikwenda Tanga sote watatu. Idi amerefuka, anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Kaburini, katikati ya ndugu wa mama, alizungumza chini chini. Alisema kila akijaribu kuikumbuka sauti ya mama, anayoisikia ni ya baba. Mama mdogo akauliza mtoto anasema nini.

"Anasema amemkumbuka sana mama yake," baba akatafsiri.

Mama mdogo akamvuta Idi kifuani. Mimi niliyeelewa lugha zote mbili sikumsahihisha baba.