Biriani ya Wafadhili

Mtu akiniuliza ni kitu gani kilichomrudisha mwanangu mkekani, sitasema serikali, wala sitamsingizia Mungu. Nitasema ni biriani. Niliipika mimi mwenyewe, na ilikuwa nzuri, sitaki uongo: mchele umechambuka, nyama imeiva mpaka inaachana na mfupa, rojo zito la vitunguu vya kukaanga. Wageni waliomba waongezwe. Kisha walirudi ofisini kwao wakatukatia ufadhili.

Mwanangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili anayo, na kicheko anacho cha kukufanya usahau bei ya unga, lakini mwili haumtii. Miguu yake hukaza na kupishana kama makasi, na asiponyooshwa mara kwa mara, kano hufupika zikabaki hivyo. Mazoezi hayamponyi mtoto wa namna hii. Yanauzuia mwili usimfunge, basi, na hilo peke yake ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Alipokuwa mdogo nilimbeba kwa tuktuk kutoka Mtopanga hadi hospitalini, tukakaa foleni asubuhi nzima, na mara nyingine tukaambiwa mtu wa mazoezi yuko semina.

Kwenye foleni hiyo ndipo tulipojuana sisi kina mama. Mkubwa wetu alikuwa muuza nazi, mtu wa Kaloleni, aliyekuwa akimlea mjukuu wake. Tulimfanya mwenyekiti kwa sababu ya umri wake na kwa sababu haogopi kuingia ofisi ya mtu. Alisikia kwamba kuna shirika linasaidia vikundi vya mitaani, akatuandikisha, akawaendea wale watu mara nyingi mno, na siku moja alitupigia simu mmoja mmoja akilia. Tulikuwa tumepata.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana hasira isimnyime mtu haki yake. Pesa zile zilifanya kazi. Tulikodi chumba kikubwa nyuma ya duka la vyuma, tukanunua magodoro, na seremala wa mtaani akatutengenezea fremu za mbao za watoto kusimamia, kila mtoto kwa kimo chake. Zaidi ya yote tulimlipa kijana mmoja mtaalamu wa mazoezi aje Jumanne na Jumamosi. Tulimwita daktari, naye kila mara alikataa kuwa si daktari. Alikuwa na mikono mipole na ulimi mkali. Mama akikosa kumleta mtoto, alimpigia simu kumuuliza kama mtoto naye amepumzika kuwa mlemavu wiki hiyo.

Kabla mwaka haujaisha mwanangu alikaa. Alikaa kitako kwenye kiti, kichwa kimenyooka, akashika kijiko kilichozungushiwa kitambaa, akajilisha uji. Nusu ulimwagika kifuani. Mume wangu, ambaye ni kibarua viwandani Changamwe na si mtu wa maneno mengi, alitoka nje akasimama ukutani muda mrefu. Mimi nilipiga vigelegele mpaka mwenye duka la vyuma akaja kuuliza nani anaolewa.

Ndipo tukaambiwa kuwa wafadhili wanakuja kutuona, ili waamue kama watatuongezea muda.

Kwetu sisi watu wa pwani, mgeni akisema anakuja, hilo si jambo la kujadili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimezaliwa Jomvu Kuu, na mama yangu, akibisha mtu hodi na sisi tumelalia chai kavu, alikuwa akitutuma kwa jirani tukaazime sukari ya mgeni. "Aibu ya nyumba haianikwi ndiani," alikuwa akisema, yaani wapita njia wasiione. Mwenyekiti naye huko kwao alilelewa hivyohivyo. Kwa hiyo tulipokutana kupanga, hakuna aliyeuliza tuwaonyeshe nini. Tuliuliza tuwapikie nini.

Mmoja tu aliuliza. Alikuwa mama wa kutoka bara, mumewe dereva wa malori ya bandarini, na msichana wake ndiye aliyekuwa na hali ngumu kuliko watoto wote. Alikuwa na kifafa, na alipiga kelele akiguswa na mtu asiyemjua.

"Nyinyi mnataka wale pilau ama mnataka watuongeze pesa?" alisema. "Wacheni waone vile tunaishi. Wakikuta mko sawa, wataandika mko sawa."

"Mwanangu," mwenyekiti alimjibu kwa upole, "mgeni hamwagiwi shida akiwa bado mlangoni. Waje, wale, wapumue. Shida wataziona wenyewe. Watu wazima wale."

"Wataziona wapi na nyinyi mnazificha?"

Tulimcheka. Tulimwona mtu wa bara, hajui ustaarabu. Wallahi, mpaka leo nikikumbuka kicheko kile natamani niingie ardhini.

Tukachukua pesa za mchezo wetu, zile tunazochangiana kila mwezi, tukanunua nyama na mchele. Jirani mmoja alitoa seti yake ya makochi, ikabebwa na mkokoteni wa maji. Mwengine alitoa zulia, mwengine mapazia aliyoletewa na bintiye kutoka Uarabuni. Kuna aliyeleta hata televisheni kubwa, ikawekwa ukutani bila kuwashwa. Tukafukiza udi. Kina mama wakaazimana dhahabu. Watoto tuliwavisha nguo za Idi, na wale Wakristo wakawavisha wao za Krismasi. Mwanangu alivaa kanzu na kofia, nikampaka hina vidoleni kama bwana harusi mdogo.

Kijana wa mazoezi alipoingia siku hiyo alisimama mlangoni akashika kiuno. "Hii ni arusi ya nani?" aliuliza. Alipoona hatucheki alimgeukia mwenyekiti. "Mama, shikamoo, lakini mficha maradhi si mnajua mwisho wake?" Mwenyekiti akamwambia akae ale, ampunguzie maneno.

Jambo ambalo mpaka leo halimezeki kwangu ni hili jengine. Watoto watatu waliokuwa na hali ngumu zaidi, sisi wenyewe tuliomba waachwe nyumbani. Ati watawatisha wageni, ati mmoja hutapika, ati ni siku moja tu. Binti wa yule mama wa bara alikuwa wa kwanza kutajwa. Mamake hakubishana. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua mkoba wake, akaondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata.

Wageni walikuja wanne. Gari lao halikupenya kwenye kichochoro chetu, wakatembea wakiruka maji machafu, na nilifikiri moyoni, haya, hapo wameona. Lakini walipoingia ndani wakakuta udi na makochi, nyuso zao zilifunguka, na nadhani ile njia waliisahau pale pale. Walimpiga picha mwanangu akijilisha. Wakapiga makofi. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye miwani, alimshika shavu akasema hajawahi kuona kikundi kilichopiga hatua kama hiki.

Baada ya kula alitoa kalamu. "Sasa tuambieni," alisema, "changamoto zenu ni zipi?"

Kila mmoja aliangalia zulia la jirani. Mwenyekiti akavuta leso yake vizuri mabegani. "Twashukuru Mungu," alisema, "mambo ni mazuri. Hatuna la kulalamika mbele yenu."

Yule mama mwenye miwani akanigeukia mimi. "Na wewe mama mpishi?"

Kodi ya chumba kile cha mazoezi ilikuwa mwezi wa pili haijatoka. Nyumbani kwangu nilikuwa nimeacha chupa ya mafuta imepinduliwa ili nipate tone la asubuhi. Nikasema, "Alhamdulillahi, hatuna neno."

Aliandika. Nilimwona akiandika.

Majibu yalipokuja yalikuwa ya maneno matamu. Kikundi chetu kimekomaa. Tumejengewa uwezo, mafanikio yetu ni endelevu, sasa fedha zinaelekezwa kwa wenye uhitaji mkubwa zaidi. Mwenyekiti aliwaendea kuwaeleza, na akarudi kwa miguu, maana nauli ya kurudi alikuwa amempa bawabu ili amruhusu kusubiri. Walimsikiliza, alisema. Hawakumfukuza. Walimkumbusha tu kwamba ni yeye aliyesema mambo ni mazuri, na wakamwonyesha picha. Hata ile televisheni ilikuwa ndani ya picha.

Nimewachukia sana watu wale. Ninajua watu wataniambia kosa ni letu, na ninajua, sihitaji kuambiwa. Lakini mtu mzima aliyesoma, anayezunguka vikundi vya watu maskini mwaka mzima, haoni kuwa bangili imekwama mkononi kwa sababu si ya mwenyewe? Hajiulizi televisheni ya kazi gani kwenye chumba cha kunyooshea watoto miguu? Wao kazi yao ilikuwa kuangalia. Sisi yetu ilikuwa kupika, na sisi tuliifanya.

Kijana wa mazoezi aliendelea kuja muda fulani bila malipo, kisha bila hata nauli, kisha akapata kazi Malindi. Alikuja kuniaga. Alimnyoosha mwanangu miguu kwa mara ya mwisho, polepole kuliko kawaida, akanionyesha tena jinsi ya kuishika nyonga na goti. "Kila siku, mama. Ukiacha, inarudi." Chumba tulikirudisha kwa mwenyewe. Fremu za mbao kila mtu alichukua ya mtoto wake, lakini chumba changu ni kimoja, ikabidi yangu ikae nje, na wapangaji wenzangu wakawa wanaanikia nguo.

Yule mama wa bara alirudi kwao na binti yake. Kabla hajaondoka nilikwenda kumtaka radhi. Alinikaribisha, akanipa chai, akazungumza nami habari za mvua. La biriani hakulitaja, na mimi sikupata pa kuanzia.

Mazoezi niliyafanya, Mungu shahidi yangu. Lakini mimi alfajiri nakaanga mahamri ya kuuza, na mchana nafua nguo za watu Mkomani, na jioni mtoto amechoka na mimi nimechoka, naye hulia nikimgusa, na kuna siku nilimwacha alale. Siku zikawa nyingi. Alirefuka. Mifupa ilikua, kano hazikufuata. Goti la kushoto lilianza kukataa, kisha la kulia, na mgongo nao ukapinda kidogokidogo hadi kiti kikamshinda. Kijiko kikamponyoka. Ni mimi ninayemlisha sasa, amelala ubavu.

Mwaka huu mwenyekiti alitupigia simu tena, sisi wachache tuliobaki. Kuna shirika jengine, na linatuma mtu. Tukutane barazani kwake. "Na safari hii," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka, "msipike. Watoto msiwaogeshe hata kuwaogesha. Waje walivyo."

Mwanangu nilimwogesha. Nilimpaka mafuta, nikamvisha shati safi. Kumvua utu ili apewe msaada, hilo nilikataa, na hakukuwa na haja. Miguu yake ingesema yenyewe.

Aliyekuja alikuwa msichana mdogo, mpole, mwenye adabu zake. Alitusalimu wote shikamoo mmoja baada ya mwengine. Alipiga magoti kwenye sakafu ya mwenyekiti, akamshika mwanangu goti, akajaribu kulinyoosha, na mwanangu akalia. Akaliachia upesi. Aliniuliza ana miaka mingapi, nikamwambia tisa.

"Mama," alisema, na niliona kweli imemuuma, "mradi wetu ni wa watoto chini ya miaka mitano. Wakiwa wadogo hivyo ndipo mazoezi yanasaidia zaidi. Huyu angeanza mapema angekuwa mbali."

Nilikuwa na maneno. Nilitaka kumwambia alianza mapema. Nilitaka kumwambia alikaa kwenye kiti akajilisha, na kuna ofisi mjini humu ina picha zake. Lakini alikuwa mgeni, amepiga magoti chini, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi kwa ajili yangu.

"Ahsante, mwanangu," nilimwambia. "Hakuna neno."