Kidole cha Marehemu

Juzi nilikuwa kwa mchoraji mmoja kule mtaani Mutakura, nangoja kadre yangu, fremu ya picha, iwekwe kioo, akaingia mama kuchukua picha aliyoagiza ichorwe ya marehemu mumewe. Jumamosi familia inamaliza matanga, na picha itawekwa mezani mbele ya wageni. Kawaida picha za namna hiyo humkodolea macho kila anayeingia. Hii haikumtazama mtu. Mzee alikuwa ameinamia kitabu, kidole kimoja kimeinuliwa hewani.

"Sasa atapokea wageni namna gani?" mama akauliza. "Haangalie mutu hata moja."

Mchoraji akajitetea kwamba foto aliyopewa ilikuwa hiyo tu. "Lakini naweza kumuinua macho, mama. Na hiki kidole nakifuta. Sijui kilikuwa kinafanya nini."

Mama akaisogelea picha. Akakitazama kile kidole mpaka nikasahau kadre yangu.

"Apana, usikiguse," akasema. "Ile foto nilipiga mi mwenyewe, nilikuwa namuita chakula. Kila siku namuita, ye anainua kidole: ngoja nimalize ukurasa." Akaifunika picha kwa kitenge, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto. "Miaka yote kile kidole kilinikasirisha. Wageni wamuache asome."

Mimi pia nina kidole kama hicho, na mke wangu anakijua vizuri. Siku hiyo nilipoitwa kula, nilifunga kitabu katikati ya sentensi, nikaenda mezani. Akaniuliza kama naumwa.