Inshallah ya Daraja

Mimi ni mwoga wa maji, na nimezaliwa Likoni. Wanaonijua hunicheka, nami huwaacha wacheke, kwa kuwa hawajui ninavyouma meno kila feri inapoachana na gati. Nilipokuwa msichana nilivuka macho nimeyafumba, nimeshika ukanda wa mkoba wa mtu yeyote aliyesimama mbele yangu. Nilipokua nikajifunza kushona sare za shule, kazi ya kukaa nyumbani kwetu Timbwani, na watu wakadhani napenda cherehani. Nilichopenda ni kutovuka.

Kisha figo za mamangu zikaacha kufanya kazi. Mashine ya kusafisha damu tuliyopatiwa nafasi ilikuwa ng'ambo, kisiwani, na ilimbidi aende Jumatatu na Alhamisi bila kukosa. Daktari alitueleza waziwazi, mwenyewe akisikia, kwamba akiacha, mwili utajaa maji na haitachukua muda mrefu. Katika maneno yote duniani, akachagua hilo la maji. Mama aliitikia kwa kichwa, akatengeneza buibui lake, akamshukuru. Mimi nilikwenda kulia chooni.

Najua ipo barabara ya kuzungukia Dongo Kundu. Kila mtu hunikumbusha kana kwamba sina akili. Tulijaribu, kwa teksi. Ukitoka huko unaangukia malori ya makontena upande wa Kipevu na Changamwe, na lori likikwama mbele yako hakuna pa kugeukia. Mama alitapika kwenye mfuko, akawa anamwomba dereva radhi njia nzima. Tukarudi kwenye feri.

Kwenda hakukuwa na taabu sana. Taabu ilikuwa kurudi. Mtu akitoka kwenye mashine ile presha hushuka na nguvu humwisha, na mama alikuwa akitoka pale kama nguo iliyokamuliwa. Kusimama na wanaovuka kwa miguu hakuweza, basi tulikodi tuktuk ya jirani, tukawa tunangoja kwenye foleni ya magari. Alhamisi moja foleni ilikuwa imepanda mpaka juu, jua la alasiri linatupiga ubavuni, mara kichwa chake kikaniangukia begani.

Nikamwita, "Mama."

Kwetu mtu akiitwa huitika. Mwanamke huitika "abee", na mamangu alituitikia hivyo hata sisi wanawe tangu tungali wadogo, ili tujue adabu. Ukimwita usingizini, abee. Akiwa na homa, abee. Siku hiyo nilimwita tena na tena, nikamtikisa, asiitike. Dereva akawa anapiga honi kana kwamba walio mbele wangeweza kuruka. Tulipoingia kwenye feri hatimaye, ikafika katikati ikapunguza mwendo kupisha meli iliyokuwa ikiingia bandarini. Nilimshika mama kwa mkono mmoja na chuma cha tuktuk kwa mwingine. Meli ile ilipita polepole kupita kiasi, makontena yamepangwa juu yake mpaka yakaziba jua. Niliyaona maji yakizunguka chini ya lango la feri, nikasadiki kwamba mamangu atafia pale, mahali ambapo siwezi hata kushuka nikakimbia kuita mtu.

Aliitika tulipokwisha kugusa Likoni. "Abee, mwanangu. Tumefika?" Kama mtu aliyesinzia kwenye darsa. Nikamgombeza kwa hofu, mtu mzima mimi, namgombeza mama mgonjwa ndani ya tuktuk. Dereva akajitia kutazama kioo.

Tangu siku hiyo nikataka daraja. Maneno ya daraja nimeyasikia tangu utotoni. Huja na kampeni na kuondoka na kampeni, nasi tulikwisha kuyazoea. Lakini safari hii walikuja watu wakapiga picha, wakapima, wakachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu. Kisha ikatangazwa, msikitini na kanisani, kwamba kutakuwa na baraza la kuwauliza wananchi daraja lilipiwe vipi. Nikakata uzi, nikafunika cherehani. Mama akasema naye atakuja. Nilifurahi. Nilidhani anakuja kunipa nguvu.

Lilipigwa turubai kwenye kiwanja cha shule, tukapewa viti vya plastiki. Mama nilimweka safu ya mbele. Aliyeleta habari alikuwa afisa kijana kutoka bara, tai imembana shingo kwa joto letu, mwenye tabasamu la mtu anayetaka kumaliza kabla ya adhuhuri. Akasema pesa za kulijenga hazipo. Ama nchi ikope, na mkopo ulipwe na kodi ya kila mtu, ama tozo iongezwe kwenye mafuta, ama kampuni ijenge kwa fedha zake kisha iweke geti, imtoze kila avukaye mpaka irudishe chake na faida juu. Ilionekana hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa moyoni mwake, maana alipoifikia alipandisha sauti.

Jirani yetu mmoja, mtu wa bara anayepakua mizigo Kipevu, akaomba maikrofoni.

"Mimi navuka na miguu, bure," akasema. "Hilo daraja lazima liwe juu sana ndio meli zipite, ama? Sasa mimi nipande huo mlima kila asubuhi nifike job saa ngapi? Na hiyo kampuni ikishaweka geti, mnadhani itakubali feri ya bure ishindane na yeye? Tutaambiwa feri imeharibika, na itakaa hivyo imeharibika. Mi naogopa, wasee. Hiyo feri ndio mguu wangu."

Watu wakaguna. Alikuwa amesema kitu ambacho kila mmoja wetu alikuwa nacho tumboni. Mwalimu wa madrasa akasimama polepole, akasalimu, akauliza swali lake kwa upole.

"Jeneza je? Likivushwa kwenda kuzikwa ng'ambo, wenye kulisindikiza watalipa kila mtu, au atalipa maiti?"

Walicheka wawili watatu. Afisa akasema hayo ni mambo ya baadaye. Nikawaona watu wakitazamana, na nikaona baraza linanitoka mkononi. Wataogopa geti mpaka daraja lizikwe tena, na mimi Jumatatu nitakuwa pale katikati, nimeshika chuma cha tuktuk. Sikuomba maikrofoni, niliinyakua.

"Tozeni!" nikasema, sauti ikanitoka mbaya. "Nyinyi mwaogopa geti, mimi naogopa maji. Tozeni wanaovuka, tozeni mafuta, tozeni hata sukari, lakini lijengwe! Mamangu huyu hapa mbele yenu. Atakufa kwenye foleni huku nyinyi mwabishana nani alipe!"

Hakuna aliyenitazama mimi. Wote walimtazama mama. Yule afisa hakuwa mjinga, akaiona nafasi. Akaja mpaka kwenye kiti cha mama, akachuchumaa, akamsogezea maikrofoni, akamwita bibi kwa neno la kwao bara.

"Shosho, wewe ndio unaumia na hii feri. Tukiwaletea daraja la kulipia, utatuunga mkono?"

Mama alimtazama kwa huruma, jinsi tai ilivyombana.

"Inshaallah, mwanangu," akasema, ameivuta kidogo. "Nyinyi mutokao mbali, chai mumekunywa?"

"Mmesikia wenyewe!" Afisa akasimama ameinua mkono. "Hata shosho amekubali!"

Turubai zima likaangua kicheko na makofi. Yeye akacheka nao, amefurahi. Wao walikuwa wanamcheka yeye. Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemsikia mamangu akinikataa mbele ya watu.

Wageni hawajui, na sidhani tuna haki ya kuwalaumu. Mtu wa kwetu hamwambii mgeni hapana usoni. Ni utovu wa adabu, na ni kama kumpokonya Mungu kazi yake. Husema inshallah. Lakini zipo mbili. Ile ya kweli huja na kazi nyuma yake: inshallah, basi nitolee ule mkeka, inshallah, mwambie aje na kijiko. Ile nyingine huvutwa kidogo, haifuatwi na kazi yoyote, na mwenye kuisema hugeuza maneno upesi yawe ya chakula, ili anayekataliwa asiondoke na moyo mkavu. Walikuja watu kumposa dadangu, watu wema wa kutoka bara. Mama akawaambia inshallah, akawauliza kama wamekula, akawapa biriani. Wakarudi baada ya muda na mbuzi na shangazi zao wote. Ilikuwa fedheha, na mbuzi alilia uani kutwa nzima.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, kwa kuwa alitaka kutembea. Hatukufika mbali nikashindwa kujizuia.

"Nakupigania wewe, mama. Ningekuwa napigania nani?"

"Nimeona."

"Sasa ukatae kwa nini?"

Akasimama kupumzika, mkono ukutani kwenye duka la jirani. Miguu yake ilikuwa imevimba, vidole havionekani vizuri ndani ya kandambili.

"Daraja hilo likija, mimi n'takuwa nimeshakwenda zangu," akasema. "Yule kijana wa Kipevu ana watoto. Ndia ya bure ni hiyo feri moja tu. Sitaki kesho mtu alipe getini aambiwe, hii tozo waliililia kwa ajili ya mgonjwa wa Timbwani. Jina langu usilitie kwenye maikrofoni tena."

"Na mimi? Hofu yangu mimi?"

Nilijisikia mtoto nilipolisema hilo, na sikujali. Yeye hakunicheka. Alinishika kifundo cha mkono, akakishika kama anayepima joto.

"Hofu yako naijua kuliko weye. Kila tukivuka mkono huu wanitetemekea. Mimi maji siyaogopi. Nililoogopa siku ile ya meli, nilipokuwa nakusikia waniita nami ulimi hauinuki, ni kuwa nitakufia pale kati. Ukatoka weye majini, lakini moyo wako usitoke. Kila ukiyaona maji, uwe pale."

Sikujua kama alikuwa akinisikia. Muda wote ule nilikuwa nimejifariji kwamba hakusikia. Nikasema maneno ya haraka haraka, kwamba hatakufa, kwamba Mungu yupo, kwamba nitatafuta gari lenye baridi. Akaniacha niyamalize, tukaendelea kutembea. Njiani watu walimsalimu, shikamoo, shikamoo, na yeye akawajibu kila mmoja marahaba yake, bila kuruka hata mtoto.

Jumatatu tulivuka, na kulikuwa shwari. Nakumbuka nilijikaza mkono usitetemeke, nikauweka chini ya paja langu. Akauona pale chini ya paja. Akatazama mbele mpaka tukafika.

Jumatano alasiri nilimkuta barazani na sinia mapajani, akichambua mchicha. Uso wake ulikuwa mwepesi, kama wa mtu aliyekwisha kulipanga jambo lake na kulifungia. Uso ule ulinitia wasiwasi kabla sijajua kwa nini. Dereva wa tuktuk alikuwa amepita asubuhi kuniuliza kama kesho aje, maana alimsikia mama akimwambia asihangaike. Nikamjibu kwamba hakumsikia vizuri.

"Mama," nikasema, "kesho tutoke mapema zaidi, kabla foleni haijapanda."

Akaweka kando bua moja la mchicha.

"Inshaallah, mwanangu."

Nikangoja. Nikangoja aseme basi nitolee buibui la kahawia, au mwambie dereva asitie muziki, au nikumbushe dawa ya presha. Ningeridhika na kazi yoyote, hata ya kunituma maji ya kunywa. Kuku wa jirani akapita barazani, akamfukuza kwa mkono. Miguu yake ilikuwa imejaa mpaka juu ya kifundo, ngozi inang'aa. Nilitaka kumpigia magoti nimwambie sema ndiyo, mama, sema ndiyo peke yake. Lakini ni yeye aliyenilea, na ni yeye aliyenifunza kwamba mtu haahidi kesho bila kumtaja Mwenye kesho. Kwa mdomo upi ningemwambia asiseme inshallah?

 Nikaificha mikono nyuma yangu.

"Mama," nikamwita tena.

"Abee," akaitika papo hapo, kwa sauti safi kabisa. Akainua macho, akanitazama kwa upole uleule aliomtazama nao yule kijana wa tai.

"Umekula?"