Dume Lililojibu Bondeni

Kiangazi kizima Orrin Tveit, fundi magari wa mji mdogo huko Montana, alijizoeza kupuliza filimbi ya kuiga mlio wa elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, mpaka mkewe akamfukuzia gerejini. Septemba ilipofika, msimu wa kuwinda ukafunguliwa, usingizi ukamruka.

Alfajiri, upinde mkononi, akapuliza. Dume likajibu bondeni. Akapuliza tena, likajibu karibu zaidi. Akatambaa kati ya misonobari, moyo ukimwenda mbio, mshale tayari.

Kichakani akatokea jirani yake Verlin, filimbi mdomoni.

"Si ulisema mgongo unakuua?" Orrin akauliza.

"Na wewe si ulikuwa unakwenda kwa mama mkwe?"

Ng'ambo ya kilima, elki wa kweli akalia.

"Na yule mjinga katoka wapi tena?" Verlin akasonya, wakashuka zao kwenye magari.