Nyayo za Mke Mwenzangu

Ugonjwa wa sukari alianza kuugua mke mwenzangu, mimi nikafuata. Hata kwenye ugonjwa alitangulia! Mume wetu alishafariki, lakini wivu hakuzikwa nao. Tulibaki wajane wawili kwenye mji mmoja hapa Nyahanga, jiko lake hili, langu lile.

Siku ya kliniki nesi alituvua viatu, akawa anatugusa nyayo kwa uzi mgumu. Mwenzangu kila akiguswa anasema, "Nasikia, mwanangu." Nesi akamsifu mbele za watu: "Tazameni miguu ya bibi huyu, laini kama ya mtoto."

Laini! Si kwa sababu halimi?

Zamu yangu ikafika. "Bibi, unasikia?"

"Sisikii," nikajibu kwa sauti, wote wajue mguu wa mkulima ulivyo.

Nesi hakucheka. "Hilo si la kujivunia, bibi. Sukari yako iko juu, presha iko juu, dawa unaziruka, na mguu umekufa ganzi. Ukichomwa hutajua. Usitembee peku, na kila jioni kagua nyayo."

Mimi nilikuwa bado na ile sifa ya mwenzangu kooni.

Wakati wa kuvuna mpunga akaja jarubani na raba nyeupe, kanunuliwa na mwanawe anayechimba dhahabu Geita. Akaniambia, "Dada, vaa hata katambuga zako."

"Matairi hayo ya kuchungia ng'ombe? Wewe pendeza na raba zako. Mimi nimezaliwa matopeni."

Nikashika mundu, peku. Kutwa nzima nilimwacha nyuma. Nilifurahi, jamani, mpaka nikaimba!

Jioni tunarudi, yeye yuko nyuma yangu. "Dada, simama. Unaacha damu njiani."

Kisiki cha mpunga kilikuwa kimezama unyayoni, nami nimekikanyagia kutwa. Sikusikia kitu. Siku chache baadaye mguu ulivimba, ukanuka. Hospitali walisema huenda wakaukata gotini. Mungu akasaidia, wakachukua vidole viwili.

Sasa mgongo haupindi, nyayo zangu sizioni. Jioni nampakatisha miguu yangu mke mwenzangu, anaigeuza polepole, anapitisha kidole kila mahali. "Leo salama, dada."

Kisha ananipa yake. Naivuta kwenye mwanga, napekua kisigino, napekua katikati ya vidole, natafuta japo mkwaruzo mmoja. Mpaka leo sijaupata.